Bembelezi ya Bibi kwenye Klarineti na Piano

Chukua bembelezi, ule wimbo ambao bibi huuimba huku akimpigapiga mjukuu mgongoni mpaka usingizi umchukue. Upige kwenye piano kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto weka kodi tatu ambazo kila mpiga kinanda wa kanisani anazijua: ya do, ya fa na ya so. (Kodi ninayoisema hapa ni noti kadhaa zinazolia kwa mpigo mmoja.) Sasa sikiliza. Noti za bibi zote zipo, hakuna iliyokosewa, ila bibi mwenyewe hayupo. Kilichobaki ni kama wimbo wa ibada ya Jumapili asubuhi.

Nimepigia kwaya piano kwa miaka mingi, na jambo hili nakutana nalo karibu kila kijana anaponiletea utunzi wake wa kwanza wenye asili ya nyumbani. Wa mwisho kuja alikuwa mpuliza klarineti. Alikuwa amemrekodi nyanya yake kwa simu, akataka kuutumia wimbo ule kutunga kipande cha klarineti na piano, na alikuwa na swali moja tu: mbona kila nikiweka piano, wimbo unakufa? Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Hapa namjibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake lina mafundo kadhaa yaliyoshikana, na ukilivuta moja bila kuyaona mengine unazidi kuyakaza.

Wimbo wa nyanya yake sitauandika hapa. Ni wa familia yao. Nitatumia mstari nilioutunga mwenyewe kwa kufuata tabia za bembelezi:

Lala mwanangu lala,
babako yuko pwani.

Mahadhi yake kwa solfa ni haya: so mi so la so mi re, kisha do mi re mi re la do, hiyo la ya pili ikiwa ya chini. Silabi saba, noti saba, mara mbili. Uimbe kidogo kabla ya kuendelea, hata kwa kunong'ona.

Wageni wawili ndani ya nyumba

Hesabu noti za wimbo huo: do, re, mi, so, la. Tano basi. Hauna fa wala ti. Nyimbo nyingi sana za jadi duniani, za kwetu na za mbali, zimejengwa kwa noti tano za namna hii. Sasa angalia kodi zetu tatu za kanisani. Kodi ya fa ina fa, la, do. Kodi ya so ina so, ti, re. Kwa kodi mbili tu umeshaingiza wageni wawili, na wageni hawa wana sauti kubwa kuliko wenyeji. Masikio yetu yamefunzwa tangu shule ya Jumapili kwamba ti ikisikika, do lazima ifuate, na kwamba fa inataka kushuka kwenye mi. Wimbo wa bibi hauna haraka hiyo. Unazunguka, unapumzika kwenye re, unateremka hadi la, unarudi. Kodi za wageni zinausukuma mlangoni kila baada ya mapigo manne.

Aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote niliowasoma ni Béla Bartók wa Hungaria. Kuanzia mwaka 1906, yeye na mwenzake Zoltán Kodály walizunguka vijijini wakirekodi nyimbo za wakulima kwa fonografu, chombo kilichochora sauti kwenye mche wa nta. Aliporudi mezani hakuuliza ni kodi gani aiweke chini ya wimbo. Aliuliza wimbo wenyewe una kodi gani ndani yake. Aliona kwamba katika nyimbo za kale za Hungaria noti ya saba ya ngazi, ile iliyoshushwa nusu toni, inatua na kutulia kama noti nyingine yoyote, basi naye akairuhusu itulie ndani ya kodi, ingawa vitabu vya shule vilisema noti hiyo ni lazima itatuliwe, yaani isogee kwenye noti tulivu. Akaongeza jambo linalowashangaza wengi: kadiri wimbo unavyokuwa mwepesi, ndivyo kodi zinavyoweza kuwa ngumu na ngeni. Wimbo wenye noti nyingi zinazojieleza zenyewe umeshamaliza kusema, lakini wimbo wa noti tano umeacha nafasi.

Tufanye hivyo kwa mstari wetu. Zipange noti zake tano kutoka chini kwenda juu hivi: mi, la, re, so, do. Kila moja iko hatua nne juu ya iliyo chini yake, ukiihesabu nayo. Huhitaji piano ili kulisikia rundo hili. Chukua gitaa lililotuniwa kawaida, usibane popote, pitisha kidole gumba kwenye nyuzi zote sita: E, A, D, G, B, E. Katika ufunguo wa G hizo ni la, re, so, do, mi, na la tena. Mlio ule unaotoka gitaa likiwa limeachwa wazi, mlio usiodai kwenda popote, ndio mlio wa bembelezi. Umekuwa nao mikononi muda wote.

Njia tatu, na kuchanganyikiwa katikati yake

Fundo la pili ni la neno lenyewe, "kutunga". Kijana yule alikuwa akifanya kazi moja na kuiita nyingine. Katika makala aliyoiandika mwaka 1931, Bartók alitaja njia tatu ambazo muziki wa wakulima huingia kwenye muziki wa mtunzi. Ya kwanza, unauchukua wimbo kama ulivyo, au ukiubadilisha kidogo, unautafutia usindikizaji, na pengine utangulizi na mwisho. Hapa wimbo ni kito, wewe ni sonara unayetengeneza pete ya kukishikilia. Ya pili, hutumii wimbo wowote uliopo. Unatunga wako ukifuata tabia zake, kama nilivyofanya na mstari wa hapo juu. Ya tatu, hakuna wimbo wa jadi wala wa kuiga, lakini muziki wote una harufu yake, kwa sababu mtunzi ameimeza lugha ile ikawa lugha yake ya kuzaliwa.

Watu hudhani ngazi hizi zinapanda kutoka kazi ya mwanafunzi kwenda kazi ya bingwa. Mimi sikubali. Bartók mwenyewe alishikilia kwamba kuutafutia wimbo wa kijijini usindikizaji unaofaa ni kazi ngumu sawa na kutunga kitu kipya, na yeyote aliyejaribu anajua. Linalokuletea shida ni kuchanganya: unaanza na wimbo wa bibi mzima mzima, ukifika katikati unachoka nao, unaingiza mbwembwe zako za vidole, kisha unamrudisha bibi mwishoni ili watu wapige makofi. Msikilizaji anajua kwamba katikati pale bibi alisukumwa pembeni.

Kwa klarineti na piano, mfano ninaowapa vijana ni Preludia za Ngoma za Witold Lutosławski wa Poland, alizozikamilisha mwaka 1954. Ni vipande vitano vifupi, vyote pamoja kama dakika 10, vikipishana: chenye mwendo wa kasi, cha polepole, cha kasi, cha polepole, cha kasi. Mahadhi yametoka kwenye nyimbo za kaskazini mwa Poland. Wakati ule watawala wa nchi yake walikuwa wakiwataka watunzi waandike muziki wenye asili ya kiwananchi, unaoeleweka na kila mtu, na Lutosławski alikuwa ameandika mwingi wa namna hiyo. Baadaye alizielezea preludia hizi kama kuagana kwake na muziki wa jadi. Mtu anayeaga angeweza kuandika kwa mkono mlegevu. Yeye aliandika kinyume chake: mahadhi ni mepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kuyashika, lakini mizani ya mapigo inabadilika chini yake bila kutangazwa, mpigo unaoutegemea hapa unaukuta pale, na piano haikai pembeni kama mtumishi. Sikiliza hasa vile vya polepole. Noti ni chache sana, na kila moja ina kazi.

Daraja bovu la klarineti

Sasa ala yenyewe. Wengi wetu klarineti tuliiona kwanza kwenye bendi ya polisi au ya jeshi, imezama kati ya matarumbeta, tukadhani ni filimbi nyeusi ya kupigia gwaride. Ni ala yenye tabia kama za watu watatu. Chini kabisa sauti yake ni nene na ya karibu, kama mtu anayeongea ukiwa umemlalia kifuani. Juu inang'aa na kubeba mbali. Katikati kuna noti chache zilizofifia, zenye sauti ya kooni, na hapo ndipo watunzi wasiopuliza huumia.

Sababu ni ya kimaumbile. Filimbi ukiipuliza kwa nguvu zaidi, noti inaruka hatua nane, vidole vikabaki vilevile. Klarineti ni bomba lililonyooka ambalo upande wa tete, kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni, ni kama umefungwa, kwa hiyo inaruka hatua kumi na mbili. Vidole tulivyonavyo havitoshi kuujaza mwanya huo kwa raha. Fundi Johann Christoph Denner wa Nuremberg, anayetajwa kuwa ndiye aliyeibuni ala hii mwanzoni mwa miaka ya 1700, na waliomfuata, waliujaza kwa vibonyezo. Kwa hiyo mpulizaji akipanda, vidole vinafunguka kimoja kimoja mpaka anabaki ameishika ala karibu hewani, kisha noti inayofuata inamtaka azibe matundu yote kwa mara moja. Hilo ndilo daraja bovu.

Kijana wangu alikuwa ameandika wimbo katika ufunguo wa F, kwa sababu nyanya yake aliimba karibu na hapo. Tuutazame mstari wetu katika F hiyo. Klarineti ya kawaida ni ya B bemoli, yaani inalia toni moja chini ya kilichoandikwa, kwa hiyo F ya piano inaandikwa G kwa mpulizaji. Do inakuwa G ya kooni, re inakuwa A ya kooni, na mi inakuwa B, noti ya kwanza ng'ambo ya daraja. Sasa soma "babako yuko": do mi re mi re. Ndani ya silabi tano mpulizaji amevuka daraja mara nne. Bingwa atavuka na hutasikia kitu. Mwanafunzi atavuka na utasikia kila mbao ikilia, na mtoto wa bembelezi ataamka.

Shusha ufunguo hadi G, do ikiwa ile G iliyo chini ya C ya katikati ya piano. Wimbo wote, kutoka la ya chini hadi la ya juu, sasa unalala kwenye sauti nene ya chini. Hakuna daraja hata moja. Umepata pia zawadi: nyanya aliyekuwa akiimba sasa ananong'ona. Lakini piano sharti ihame. Ukiiacha pale katikati ilipozoea, itaifunika klarineti kama blanketi. Mkono wa kushoto uende chini kabisa, noti mbili tu, do na so. Wa kulia uende juu, mbali. Katikati paache wazi, hapo ndipo mtu anapoimba.

Maneno yanapoondoka

Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Bembelezi ni maneno. Ukiupeleka wimbo kwenye klarineti, maneno yanaondoka, na yanaondoka na vitu viwili: konsonanti na mkazo.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. LA-la mwa-NA-ngu LA-la. Tazama mahadhi: noti ya juu kuliko zote, la, imeangukia NA. Kwenye "babako yuko pwani", PWA imeshushwa hadi la ya chini lakini imevutwa ndefu, hivyo uzito wake haupotei. Mtunzi wa jadi, yeyote yule, hakuhitaji kusoma haya kitabuni. Yalimtoka kwa sababu alizungumza.

Mpulizaji hana silabi, ila ana ulimi. Ulimi ukigusa tete, noti inaanza kwa konsonanti. Usipogusa, noti inatiririka kutoka kwenye iliyotangulia kama irabu. Kwa hiyo andika ulimi kama unavyoandika maneno. "Lala": gusa mara mbili, kwa upole. "Mwanangu": gusa mwanzo tu, kisha unganisha noti tatu kwa pumzi moja, uzito uwe katikati. Mimi huwaambia waandike maneno kabisa chini ya noti za klarineti, ingawa hakuna atakayeyaimba. Mpulizaji akiyaona, midomo yake inayajua.

Noti ambazo piano haina

Rudi kwenye simu ya yule kijana. Tulipousikiliza wimbo pamoja, aliniambia nyanya yake "anakosea kidogo" kwenye mi. Nilimwomba apige mi ya piano, kisha turudie. Nyanya aliimba mi iliyo chini ya ile ya piano kwa kiasi kidogo, na aliiimba pale pale kila mara, katika beti zote. Mtu hakosei mahali pamoja mara tisa. Hiyo ndiyo mi yake.

Piano imegawa oktava, zile hatua nane kutoka do hadi do, katika nusu toni 12 zilizo sawa. Sauti ya binadamu haikusaini mkataba huo. Wagogo wa Dodoma, ambao Hukwe Zawose aliufikisha muziki wao kwenye majukwaa ya dunia, wanazitoa noti zao kwenye mlolongo wa asili wa sauti, ule unaojitokeza uzi mmoja unapotetemeka kwa vipande. Noti ya saba katika mlolongo huo iko chini ya ile ya piano kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Katika taarab, maqamu (ngazi za noti za Kiarabu) ya Rast yana noti ya tatu na ya saba zilizokaa kati ya vibonyezo vya piano, ndiyo maana fidla na udi huteleza humo kwa raha.

Klarineti inaweza kufika huko. Kwa kulegeza midomo mpulizaji anaishusha noti, na kwa kufungua nusu tundu anaitelezesha. Waturuki, Wagiriki wa Epirus na Wayahudi wa Ulaya Mashariki wameifanya klarineti ilie na kuguna hivyo kwenye harusi zao kwa vizazi. Tatizo ni piano. Klarineti ikiimba mi ya nyanya huku piano ikigonga mi yake, msikilizaji atasema klarineti imetoka nje ya tuni, na hatamlaumu mwenye vibonyezo.

Dawa yake ni nyepesi na inahitaji moyo: piano isiipige mi. Lile rundo letu la mi, la, re, so, do, liondolee mi. La, re, so, do bado zinasimama, na sasa mi ni mali ya klarineti peke yake. Inaweza kuiweka pale nyanya alipoiweka na hakuna atakayeibishia. Nilipomwambia kijana afute mi zote kwenye sehemu ya piano, alifuta mbili, akasita, akafuta zilizobaki. Tulipopiga alinyamaza kwa muda.

Kiganja na mdomo

Kuhusu mapigo nitasema machache. Mtu anayebembeleza ana mapigo mawili: kiganja mgongoni kwa mtoto, na sauti. Hayafuatani. Hesabu sita, kiganja kikipiga kwenye moja na nne. Imba: LA kwenye moja na mbili, la kwenye tatu, mwa kwenye nne, NA kwenye tano na sita. Kiganja kimepiga kwenye "mwa", sauti imelemea "NA". Huo mvutano mdogo ndio unaomlaza mtoto, na ndugu yake mwenye kelele ni ile sita ya chakacha kwenye harusi za Mombasa na Lamu, inayohesabika mara mbili na mara tatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa piano uwe kiganja. Usiufuate mdomo, hata klarineti ikichelewa. Wapiga piano wengi wenye adabu husubiri, na adabu hiyo hapa inaua ngoma.

Na haki. Ukichukua wimbo wa jamii fulani, andika juu ya karatasi umetoka wapi na nani alikuimbia, kama ameridhia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na Kenya ilitunga sheria yake ya maarifa ya jadi na tamaduni mwaka 2016. Ukitaka kuuza au kurekodi, uliza kwanza.

Imebaki namna ya kumaliza. Kipande cha ukumbini kinataka mwisho, bembelezi haina. Bibi haimalizi beti. Anaacha pale anaposikia pumzi ya mtoto imebadilika, hata kama ni katikati ya neno. Kijana alikuwa ameandika kodi kubwa ya do kwa mikono miwili. Tuliifuta. Sasa klarineti inaurudia mstari wa pili mara nne, kila mara ikiacha noti moja ya mwisho: kwanza inafika do, kisha inaishia la, kisha re, kisha mi. Mpiga piano ameshikilia pedali kwa mguu tangu mwanzo wa mstari, nyuzi ziko wazi, na kiganja cha kushoto kinaendelea, moja na nne, mara mbili zaidi baada ya klarineti kunyamaza.